Brighton: mji wa Uingereza ulioishi kwa wageni, leo unawapimia nafasi

Brighton haina mgodi, haina bandari kubwa ya mizigo, haina kiwanda ambacho dunia nzima inakijua. Hata ufuo wake hauna mchanga. Ni mawe madogo ya mviringo, mamilioni kwa mamilioni, yanayoumiza nyayo za anayetembea bila viatu. Lakini kwa zaidi ya miaka 250 watu wanatoka mbali kwenda kukaa juu ya mawe hayo, kutazama bahari, kula, kunywa, kucheza muziki na kuacha pesa zao. Wengine walikuja kwa siku moja wakabaki maisha yao yote.

Mji huu uko kusini mwa Uingereza, kilometa kama 80 kutoka London, ukitazama Ufaransa ng'ambo ya maji. Kwa treni ni mwendo wa saa moja hivi. Jina lake kamili ni Brighton and Hove, kwa sababu miji miwili jirani iliwekwa chini ya serikali moja ya mji mwaka 1997, na miaka mitatu baadaye ikapewa hadhi ya mji mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha wakaaji karibu 277,000. Goma au Bukavu ni kubwa kuliko Brighton kwa wingi wa watu.

Kwa nini basi mji mdogo namna hii unajulikana hivyo? Jibu ni moja: Brighton ilijifunza mapema kuishi kwa wageni. Na leo swali gumu linalousumbua ni hilo hilo la wageni: nani anakaribishwa, nani anaweza kubaki, na kwa bei gani.

Daktari aliyewanywesha watu maji ya bahari

Zamani hapa palikuwa kijiji cha wavuvi, kikiitwa Brighthelmstone. Katika kitabu cha kodi cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa amri ya mfalme William, kodi ya sehemu hiyo ilihesabiwa kwa samaki 4,000 aina ya herring. Karne nyingi zikapita. Kufikia miaka ya 1700 bahari ilikuwa imekula sehemu ya kijiji, uvuvi ulikuwa umedhoofika, na umaskini ulikuwa umeingia.

Aliyebadilisha mambo ni daktari, Richard Russell, kutoka mji jirani wa Lewes. Mwaka 1750 alitoa kitabu kwa Kilatini akisema maji ya bahari yanatibu magonjwa ya tezi. Aliwaambia wagonjwa wake waoge baharini, na pia wayanywe maji hayo. Mwaka 1753 alijenga nyumba kubwa karibu na ufuo, akaishi humo na kupokea wagonjwa humo humo. Matajiri wa London wakaanza kuja. Wavuvi wakageuka wenye nyumba za kupangisha, na wake zao wakapata kazi ya kuwaingiza wageni majini.

Dawa ya Russell leo hakuna daktari angeiandika. Lakini biashara aliyoianzisha haijafa. Mji haukuhitaji tena kuuza samaki. Uliuza hewa, maji na kupumzika.

Bahari hiyo yenyewe imepata matatizo yake. Mwaka 2021 kampuni ya maji ya eneo hilo, Southern Water, ilipigwa faini ya pauni milioni 90 mahakamani kwa kumwaga maji machafu ya vyoo katika maji ya pwani ya kusini kwa miaka kadhaa. Mji uliojengwa juu ya sifa ya maji ya kuponya ukajikuta jirani wa kesi ya maji ya kuumiza.

Mtoto wa mfalme na jumba la ajabu

Mwaka 1783 alifika kijana wa miaka 21, mtoto wa mfalme, ambaye baadaye alikuwa mfalme George wa Nne. Alipenda chakula, mchezo wa kamari na wanawake, na Brighton ilimpa nafasi ya kuwa mbali na macho ya baba yake. Alianza na nyumba ya kawaida ya shambani. Kisha, kuanzia 1815, msanifu John Nash aliigeuza nyumba hiyo kuwa Royal Pavilion: jumba lenye kuba na minara ya mtindo wa Kihindi kwa nje, na mapambo ya mtindo wa Kichina kwa ndani. Mpaka leo mtu akiliona kwa mara ya kwanza hujiuliza kama bado yuko Uingereza.

Reli ya London ilifika mwaka 1841. Wafanyakazi wa kawaida nao wakaweza kuja kwa siku moja na kurudi jioni. Malkia Victoria hakupenda umati huo uliomzunguka kila alipotoka. Aliacha kuja, na mwaka 1850 serikali ya mji ililinunua jumba kwa pauni kama 53,000. Jambo hili linaeleza tabia ya Brighton kuliko maelezo mengi: malkia aliondoka kwa sababu ya watu wa kawaida, na mji ukabaki na watu wa kawaida, na jumba pia.

Wageni hao wa treni ndio waliojaza ufuo. Magati marefu ya chuma yakajengwa kuingia baharini, si kwa ajili ya meli hasa, bali kwa ajili ya matembezi na michezo. Gati la Palace lilifunguliwa 1899 na bado lina kelele za watoto. Gati la West, la mwaka 1866, lilifungwa 1975, likaungua 2003, na sasa ni mifupa ya chuma iliyosimama majini peke yake. Mwaka 1883 fundi Magnus Volk aliweka treni ndogo ya umeme kando ya ufuo. Inatembea hadi leo, na ndiyo reli ya umeme ya zamani kuliko zote zinazofanya kazi duniani.

Mhindi, binti wa Kiyoruba na wanajeshi waliojeruhiwa

Si wageni wote waliokuja na pesa. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna nchini India, alifungua hapa nyumba ya kuoga kwa mvuke na kukanda mwili kwa mafuta. Biashara ilikubali hata akawa mkandaji wa wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne. Alikuwa pia Mhindi wa kwanza kuchapisha kitabu kwa Kiingereza, mwaka 1794. Alifariki mwaka 1851 na kuzikwa Brighton, kwenye kanisa la Mtakatifu Nicholas.

Kanisa hilo hilo lilijaa watu mwezi wa 8 mwaka 1862 kwa ndoa iliyoandikwa na magazeti mengi. Bibi harusi alikuwa Sarah Forbes Bonetta, Myoruba wa Afrika Magharibi. Akiwa mtoto, wazazi wake waliuawa katika vita vya Dahomey, naye akashikwa mateka. Mwaka 1850 mfalme wa Dahomey alimtoa kama zawadi kwa afisa wa jeshi la maji la Uingereza, ambaye alimpeleka kwa malkia Victoria. Malkia akamlea kwa mbali kama mtoto wa ubatizo. Sarah alitumwa Brighton kujiandaa kwa ndoa na mfanyabiashara James Davies, mwanaume ambaye mwanzoni hakumtaka. Mji ulimshangilia siku ya harusi. Lakini kuchagua maisha yake hakukuwa mikononi mwake.

Vita vya kwanza vya dunia vilileta wageni wa aina nyingine. Kuanzia mwisho wa 1914, Royal Pavilion liligeuzwa hospitali ya wanajeshi wa India waliojeruhiwa Ufaransa na Ubelgiji. Zaidi ya 2,000 walitibiwa humo. Majiko tisa yalijengwa ili Waislamu, Wahindu na Masingasinga wale kulingana na dini na tabaka zao, na picha za vitanda chini ya taa za kifalme zilisambazwa India kuonyesha jinsi Uingereza inavyowatunza. Kwa upande mwingine, katika hospitali ya pili ya Wahindi mjini humo, walinzi waliwekwa ili wagonjwa wasitoke nje wapendavyo. Walikaribishwa, ila kwa kipimo.

Wahindu na Masingasinga 53 waliokufa walichomwa kwa desturi zao juu ya vilima nje ya mji. Mahali hapo mwaka 1921 palijengwa kumbukumbu ya mawe meupe inayoitwa Chattri, na kila mwaka watu hupanda vilima hivyo kuwakumbuka.

Kijana Mbeki na matembezi ya usiku

Wakongomani wanamjua Thabo Mbeki kama rais wa Afrika Kusini aliyepokea mazungumzo ya Wakongomani huko Sun City mwaka 2002, yale yaliyozaa serikali ya mpito ya rais mmoja na makamu wanne. Wachache wanajua kwamba kijana huyo wa ANC alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Sussex, pembeni mwa Brighton, kuanzia mwaka 1962.

Mwezi wa 6 mwaka 1964, baba yake Govan Mbeki, Nelson Mandela na wenzao walikuwa wakingoja hukumu, na hofu ilikuwa kwamba watanyongwa. Thabo pamoja na wanafunzi wenzake walitembea kwa miguu usiku kutoka Brighton hadi London kupeleka ombi kwa waziri mkuu wa Uingereza. Hukumu ikawa kifungo cha maisha. Chuo cha Sussex kilikuwa kimepata kibali cha kifalme mwaka 1961 tu, lakini tayari kilikuwa na sifa ya wanafunzi wanaopiga kelele za siasa.

Sifa hiyo imebaki mjini. Mwaka 2010 jimbo la uchaguzi la Brighton Pavilion lilimchagua Caroline Lucas, mbunge wa kwanza wa chama cha Kijani katika historia ya Uingereza, na chama hicho kilishinda tena hapo mwaka 2024 kwa mgombea mwingine. Siasa ilileta damu pia: tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1984, bomu la IRA lililipuka katika Grand Hotel wakati wa mkutano wa chama cha Margaret Thatcher. Watu watano walikufa. Waziri mkuu aliponea chupuchupu.

Kila mtu na maisha yake

Ukimwuliza Mwingereza ni nini kinachoifanya Brighton kuwa tofauti, atakujibu kwamba pale kila mtu anaishi anavyotaka. Tabia hiyo ina mizizi katika biashara ya wageni. Mji unaopokea watu wa likizo hauulizi maswali mengi: mwenye hoteli anataka kujua kama umelipa, si uko na nani.

Ndiyo maana Brighton ikawa makao makubwa ya watu wa mapenzi ya jinsia moja nchini Uingereza. Maandamano yao ya kwanza mjini yalifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sasa sherehe yao ya kila mwaka wa majira ya joto huleta umati mkubwa na biashara nyingi. Katika hesabu ya mwaka 2021, karibu mtu mmoja kati ya kumi wenye umri wa miaka 16 na kuendelea alijitambulisha hivyo. Hesabu hiyo hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakaaji hawana dini. Kwa msomaji wa hapa kwetu, ambako Jumapili kila kartie ina sauti ya kwaya, hayo ni mambo ya kushangaza. Lakini ndiyo picha ya mji.

Muziki nao una nafasi yake. ABBA, kundi la Sweden, lilishinda shindano la Eurovision Brighton mwaka 1974, katika ukumbi wa Dome ambao hapo mwanzo ulikuwa zizi la farasi wa mtoto wa mfalme. Vichochoro vya The Lanes na mitaa ya North Laine vimejaa butike ndogo za nguo za mitumba, sahani za muziki, vitabu na vito. Na mtu akinunua samaki na viazi vya kukaanga ufuoni lazima aangalie juu, maana ndege weupe wa baharini hushuka kumnyang'anya.

Timu iliyokosa uwanja

Ndege hao ndio jina la utani la timu ya mpira, Brighton and Hove Albion. Mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza wanaijua kama timu inayonunua vijana wasiojulikana na kuwauza ghali. Moisés Caicedo wa Ecuador aliuzwa kwa Chelsea mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 100. Yves Bissouma wa Mali alipita hapo kabla ya kwenda Tottenham. Simon Adingra alikuwa mchezaji wa Brighton mwezi wa 2 mwaka 2024, pale Côte d'Ivoire ilipowaondoa Léopards wetu kwa 1-0 katika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Siku nne baadaye alitoa pasi za mabao yote mawili yaliyoishinda Nigeria katika fainali. Hata kwenye mpira, Brighton inaishi kwa wanaokuja na kuondoka.

Lakini timu hiyo ilikaribia kufa. Viongozi wake waliuza uwanja wa Goldstone bila kuwa na mwingine, na mwaka 1997 timu ikabaki bila nyumba. Sare ya 1-1 dhidi ya Hereford katika siku ya mwisho ya msimu ndiyo iliyoizuia kuanguka nje ya ligi. Kwa misimu miwili ilicheza mechi zake za nyumbani huko Gillingham, kilometa zaidi ya 100 kutoka Brighton, kisha miaka 12 katika uwanja mdogo wa riadha. Mashabiki waliandamana, wakaandika barua, wakaingia hata katika siasa za mji. Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka 2011, na timu ikapanda Ligi Kuu 2017.

Mnara na deni

Tamaa ya kuvutia wageni inaweza kugharimu. Mwaka 2016, mbele ya mifupa ya gati la West, ulifunguliwa mnara wa i360 wenye urefu wa meta 162, na chumba cha kioo kinachopanda na kushuka. Serikali ya mji ilikuwa imekopa pauni milioni 36 na kuzikopesha kampuni ya mnara huo, ikitumaini faida. Wageni hawakufika kwa idadi iliyotarajiwa. Mwishoni mwa 2024 kampuni ilishindwa kulipa, na deni lilikuwa limefikia pauni kama milioni 51. Mnara ulipata mwenyewe mpya na kufunguliwa tena 2025, lakini hasara imebaki kwa wanaolipa kodi mjini.

Na wanaolipa kodi tayari wana mzigo wa nyumba. Watu wa London wenye mishahara mikubwa wanahamia Brighton kwa ajili ya bahari. Wengine wananunua nyumba ili kuzipangisha kwa watalii wa siku mbili. Wanafunzi wa vyuo viwili vikuu nao wanatafuta vyumba. Matokeo anayajua kila aliyewahi kutafuta nyumba Goma wakati mashirika ya kigeni yamejaa: kodi inapanda, garanti inapanda, na mwalimu, muuguzi au mpishi wa hoteli anasukumwa kuishi mbali. Familia changa zinapungua. Mwaka 2024 shule mbili za msingi zilifungwa kwa sababu watoto hawakutosha kuzijaza.

Watoto wa hoteli ya Hove

Kisha kuna wageni ambao hawakuja kwa likizo. Brighton inajiita mji wa hifadhi. Mwaka 2006 ilipokea Waoromo wa Ethiopia waliokuwa wakimbizi nchini Kenya, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa. Raia wengi waliwasaidia kwa Kiingereza, kazi na shule.

Lakini kuanzia 2021 wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza iliweka katika hoteli moja ya Hove watoto waliovuka bahari peke yao, bila mzazi wala ndugu. Mwanzoni mwa 2023 habari zilitoka kwamba katika miezi 18 watoto zaidi ya 130 waliripotiwa kutoweka hotelini hapo, na zaidi ya 70 walikuwa bado hawajulikani walipo. Wabunge walihoji, raia wakaandamana mjini, na hofu kubwa ilikuwa kwamba wamechukuliwa na magenge ya wahalifu. Mwezi wa 7 mwaka huo, Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba kuwaweka watoto wa aina hiyo hotelini kama utaratibu wa kawaida kulikuwa kinyume cha sheria.

Mji ambao kila kitanda chake cha hoteli kina historia ya kumkaribisha mgeni ulishindwa kuwalinda wageni wadogo kuliko wote. Serikali ya mji ilisema uamuzi wa kutumia hoteli haukuwa wake, na ni kweli. Lakini watoto walipotea katika mitaa yake.

Kule juu vilimani, kwenye kumbukumbu ya Chattri, majina ya wanajeshi 53 hayakuchongwa mpaka mwaka 2010, karibu miaka 90 baada ya mawe meupe kusimama. Walijulikana kwanza kama Wahindi, kisha kama mashujaa, na mwishoni kabisa kama watu wenye majina. Watoto wa Hove bado wako kwenye hatua ya namba.